Kwetu ni Kupi Tena?

Kuna swali moja ambalo mtu wa Pwani hulisikia tangu apatapo fahamu mpaka siku ya kutiwa mchanga. Aulizwapo jina, hutaja: Abdalla, au Mwanaisha, au Shee, au Bwanamkuu. Akishataja, muulizaji hunyamaza kidogo, kisha husema, "Unatoka wapi?" Mtu hujibu, "Mombasa." Huambiwa, "La, kwenu hasa." Hujibu, "Mombasa, mtaa wa Kuze." Huambiwa tena, "Sawa, lakini wazee wako walitoka wapi?" Hapo ndipo mtu hutambua kuwa haulizwi anwani. Anaulizwa ana haki gani ya kuwapo.

Mwananchi wa Kitui au wa Kakamega akiulizwa swali hilo hutaja kijiji chake, na mazungumzo yakaendelea juu ya mvua na bei ya mahindi. Jibu lake latosha. Jibu letu halitoshi. Na ajabu ni kuwa swali lenyewe twaulizwa kwa Kiswahili! Lugha hii, ambayo katiba ya mwaka 2010 imeiandika katika ibara ya 7 kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia, yakubalika kila pembe ya nchi bila ya kuulizwa cheti. Waziri aihutubia, polisi akamatia, hakimu ahukumia. Lakini yule aliyenyonya lugha hiyo kwa mamake, na ambaye wazee wake waliitungia tenzi kabla ya mtu yeyote kuwaza nchi iitwayo Kenya, ndiye atakiwaye aeleze alikujaje hapa. Mali imepokewa, mwenye mali amesimamishwa mlangoni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi sisi tumelima siku ngapi? Waliochimba magofu ya Shanga, kisiwani Pate, walikuta misingi ya msikiti ambayo wataalamu waliitia katika karne ya 8 Miladia. Miaka zaidi ya elfu na mia mbili iliyopita watu walikuwa wakisujudu pale. Na tukiwatazama watu wa Mombasa waitwao Thenashara Taifa, yaani Miji Tisa na Miji Mitatu, twaona jambo ambalo makarani wengi hawajalifikiria. Majina ya mataifa hayo ni majina ya miji. Kuna Wakilifi, kuna Wamtwapa, kuna Wapate, kuna Wafaza, kuna Wajomvu, kuna Wachangamwe. Mtu wa namna hiyo akiulizwa kabila lake, kwa hakika anataja mahali, na mahali penyewe ni hapa hapa, basi na matatu zaenda. Ni kabila gani katika nchi hii ambalo jina lake ni anwani? Hata hivyo miaka mingi mtu akiandika "Mswahili" katika fomu, aliambiwa Mswahili si kabila, arudi atafute kabila la kweli.

Hapana budi nieleze, kwa ajili ya vijana na kwa ajili ya wasomaji wetu wa bara, huku kupigwa msasa kulikuwaje. Neno lenyewe lafaa kuangaliwa. Msasa ni ule ambao seremala husugulia mbao mpaka ing'are. Mbao haisikii uchungu. Kijana wa Kisauni au wa Lamu afikapo miaka 18 alitakiwa kitambulisho, ambacho watu wa kwetu mpaka leo twakiita kipande, na hilo jina nitalirejea. Mwenzake wa jina jingine alikwenda kwa chifu na cheti chake cha kuzaliwa na nakala za vipande vya wazazi, akachukuliwa alama za vidole, akaenda zake. Huyu wa kwetu aliwekwa kando. Aliambiwa angoje siku ya wazee kukaa kikao. Alitakiwa vyeti vya baba na mama, na mara nyingine vya babu na nyanya. Aliulizwa majina ya mitaa, majina ya walionunua nyumba na waliouza, na mwaka ambao babu alifika. Ukisema babu hakufika, alizaliwa hapa, hilo nalo lilikuwa neno la kutiliwa shaka.

Na kijana asiye na kipande hana mkono wala mguu. Hafungui akaunti ya benki, haandikishi laini ya simu, haajiriwi, hapigi kura. Akikutwa njiani usiku na askari, anaonekana ametoka nchi nyingine.

Mimi mwenyewe nilipotaka paspoti mara ya kwanza, katika miaka ya 90, niliambiwa nilete cheti cha kuzaliwa cha babu mzaa baba. Babu alizaliwa zama ambazo mtoto akizaliwa baba yake huchukua kalamu ya mwanzi akaandika jina, siku, mwezi na mwaka wa Hijria katika ukurasa wa nyuma wa msahafu au wa kitabu cha dua. Wenye majumba ya zamani wajua niyasemayo. Hapo ndipo palipokuwa ofisi yetu ya usajili. Kuzaliwa, kuolewa, kufa, hata safari za Hija, yote yaliandikwa hapo kwa wino mweusi. Basi nikakifunga kitabu kile kwa kitambaa safi, nikatia udhu, nikakipeleka kwa afisa. Alikitazama juu, akakitazama chini, akauliza hii ni lugha gani. Nikamwambia ni Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Akaniambia, "Unaona? Kumbe nyinyi ni Waarabu." Ushahidi niliouleta wa kuonesha kuwa babu yangu alizaliwa Mombasa ulikuwa ndio ushahidi wa kuwa si mtu wa Mombasa! Nilirudi mara kadhaa kwa muda wa miezi. Mwishowe paspoti nilipata, na sikueleza wala sikuelezwa ni kipi kilichobadilika.

Na sheria haikuwa ikitaka babu. Katiba ya uhuru ilisema ya kwamba mtu aliyezaliwa Kenya, akiwa ni raia wa Uingereza na makoloni yake au mtu aliye chini ya hifadhi ya Mwingereza, na mzazi wake mmoja naye amezaliwa Kenya, basi siku ya tarehe 12 Desemba 1963 ni raia. Mzazi mmoja. Katiba ya 2010, ibara ya 14, yasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku ya kuzaliwa kwake babake au mamake ni raia, na ibara ya 12 yampa raia haki ya paspoti na hati nyingine za utambulisho. Babu hakutajwa hata mara moja. Babu aliingizwa na meza ya karani.

Lakini tusiseme kuwa karani alilizua yeye jambo hili. Lina mzizi, na mzizi wenyewe umepita pia katika nyumba zetu.

Mwaka 1895 Mwingereza alikodi ukanda wa pwani, maili kumi kutoka maji makuu, kwa Sultani wa Unguja. Mwaka 1920 nchi ya bara ikaitwa Koloni ya Kenya, na ukanda wetu ukaitwa Hifadhi ya Kenya, na bendera nyekundu ya Sultani ikapepea Mombasa mpaka mwisho wa 1963. Bwana mmoja akatawala kote, lakini kwa majina mawili. Tena Mwingereza akawagawa watu mafungu: kuna "wenyeji", na kuna wasio wenyeji. Mtu angedhani kuwa mwenyeji ndiye mwenye heshima. La. Mwenyeji ndiye aliyetozwa kodi ya kibanda na ya kichwa kwa sheria ya 1910. Mwenyeji mwanamume ndiye, tangu sheria ya 1915 ilipoanza kutekelezwa baada ya vita vikuu vya kwanza, aliyevishwa kipande ndani ya kikopo cha bati shingoni, akatembea nacho kama mbuzi mwenye njuga. Mwarabu hakuvishwa. Aliyesema ametoka ng'ambo aliachwa apite, na aliyesema amezaliwa hapa alipewa kikopo.

Basi mnadhani watu wangefanyaje? Wazee wetu wa Thenashara Taifa walipigana miaka kumi baada ya kumi waandikwe kuwa si "wenyeji" wa namna hiyo. Walipoachwa nje ya daftari la wapiga kura wa Kiarabu, waliunda mwaka 1927 chama kikaitwa Afro-Asian Association, na Bwana Hyder Kindy, aliyekuwa mmoja wao, ameyaeleza mambo hayo katika kitabu chake juu ya maisha na siasa za Mombasa kilichotoka 1972. Ilipofika 1952 wakakubaliwa kuwa Waarabu kwa ajili ya kupiga kura. Watu wakashangilia. Shajara za nasaba zikatafutwa, zilizokatika zikaunganishwa, na asiyekuwa na babu wa Hadhramaut wala wa Omani akampata. Siwacheki. Anayetozwa kodi kwa kuwa mwenyeji na kusamehewa kwa kuwa mgeni, atajifunza haraka kuwa mgeni. Kila mtu anapenda shingo yake.

Mwaka 1963 mambo yakageuka juu chini. Uhuru ulipokuja, mwenyeji ndiye mwenye nchi, na hiyo ni haki. Lakini zile karatasi ambazo babu zetu walizipigania, zilizosema hawa si wenyeji, zilibaki. Jana zilikuwa ngao, leo zimekuwa hati ya mashtaka. Na hao waliokuja kukaa katika meza za Mwingereza hawakuuliza kwa nini watu walisema vile. Waliona tu kuwa walisema.

Na hapo katikati palikuwa na jambo la Mwambao. Kabla ya uhuru wako miongoni mwetu waliotaka ukanda wa maili kumi ujitawale wenyewe au urudi kwa Sultani. Mwingereza akamtuma Sir James Robertson kuja kuchunguza, naye katika ripoti yake ya 1961 akashauri ukanda uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963, mjini London, Sultani akauachia ukanda, na Mzee Kenyatta na Waziri Mkuu wa Unguja, Sheikh Mohamed Shamte, wakapeana barua za ahadi: dini ya Kiislamu ihifadhiwe, mahakama za Kadhi ziendelee, watoto wasomeshwe Kiarabu, hati za ardhi zitambuliwe. Jambo likaisha kwa sheria, lakini halikuisha katika vifua. Miaka mingi baadaye mtu wa Pwani akitaka shule au barabara, palikuwa na mtu wa kumnong'oneza jirani yake, "Hawa ndio wale waliotaka Sultani."

Nani atasahau kisa cha Sheikh Khalid Balala? Sitaki hapa kuhukumu siasa zake. Wako waliompenda na wako waliomchukia, na chama cha IPK alichokihubiria kilinyimwa usajili mwaka 1992. Nataka kutazama adhabu aliyopewa. Mwaka 1994 akiwa Ujerumani serikali ya wakati ule ilikataa kumpa paspoti mpya, ikasema yeye ni mtu wa Yemen. Mtu wa Mombasa, aliyejulikana na kila muuza kahawa wa Mwembe Tayari! Alikaa huko mpaka 1997 ndipo akaruhusiwa kurejea. Mkorofi wa mkoa mwingine hufungwa jela, na jela ni mbaya, lakini hata jela ni ya kwao. Mkorofi wetu huambiwa hana kwao.

Wenzetu Wasomali yaliwafika makubwa zaidi. Mwishoni mwa 1989 walipangwa foleni nchi nzima wachunguzwe, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kuthibitisha kuwa ni Wakenya, juu ya kipande walichokuwa nacho. Wanubi wa Kibra, ambao wazee wao waliletwa na jeshi la Mwingereza lenyewe, nao wana hadithi ndefu. Haya yote hayahitaji kurefushwa. Wenye kuyapitia wayajua.

Lililo gumu kulieleza ni linalotendeka ndani ya moyo. Mtu akiulizwa swali moja miaka arubaini, hufika siku akaanza kujiuliza mwenyewe. Humtazama jirani, hutazama bendera, huisikiliza taarifa ya habari, akaona kama anayasikiliza ya watu. Timu ya taifa ikishinda hufurahi, lakini hufurahi kama mtu aliyealikwa arusini na upande wa pili. Niliwahi kuandika ubeti mmoja juu ya hali hiyo, nikautia mfukoni, na sasa nautoa:

Waniuliza ni wapi, nilikotoka zamani,
Nasaba yangu si fupi, imeanza kisimani,
Cheti watakacho kipi, kupita cha kaburini?
Nirudi kwetu ni kupi, nami nimo kwetu ndani?

Vijana wengine hawatungi mashairi, hukata tikiti. Wamekwenda Saudia, Dubai, Doha, Maskati. Wako waliokwenda na ile hadithi ya babu wa Omani vichwani mwao, wakidhani wanarudi nyumbani. Wakifika, mwenye kazi hutazama paspoti, haulizi babu wala nyanya. Kumeandikwa Kenya, basi huyu ni Mkenya, apewe kazi ya Mkenya na mshahara wa Mkenya. Hata wale wenye nasaba ya kweli ya Omani, waliokubaliwa huko na kupewa uraia, huitwa Wazanzibari na wenzao kwa ajili ya Kiswahili wanachozungumza majumbani. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyerudi kutoka Ghuba alinambia kwa kicheko kuwa hakuwahi kuitwa Mkenya bila ya kuhojiwa mpaka alipotoka Kenya. Nilicheka naye. Baadaye usiku sikuona la kuchekesha.

Wengine wakapata jawabu jingine, wakaandika kwenye kuta: "Pwani si Kenya." Maneno hayo yalienea na Baraza la Mombasa Republican Council, lililopigwa marufuku 2010 na marufuku ikaondolewa na Mahakama Kuu mwaka 2012. Machungu yaliyo nyuma yake nayaelewa, hasa ya ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda huu wapeleke madai yao kwa karatasi, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme. Na Mmijikenda aliyelima shamba la babu yake bila ya kujua kuna karatasi, alilala mwenye shamba akaamka skwota. Yeye hakuambiwa ni Mwarabu, lakini naye alifanywa mgeni, tena juu ya mnazi alioupanda mwenyewe. Hayo ni kweli. Lakini maneno yale mimi siyakubali. Anayesema Pwani si Kenya amempa karani haki. Karani alisema wewe si wa hapa. Nawe umesema, ndiyo, mimi si wa hapa. Miaka sitini tulibishana naye kwa vyeti na misahafu, kisha twende tumtilie saini kwa rangi ya ukutani? Pate ilikuwapo kabla ya Nairobi. Ikiwa kuna mtu wa kutoka, kwa nini awe sisi?

Tena liko jambo la aibu, na ukurasa huu haukuwekwa kwa kusifiana tu. Mwezi wa Agosti 1997, Likoni, kituo cha polisi kilivamiwa, na kwa wiki kadhaa watu wa bara walichinjwa na kuchomewa nyumba kwa kuwa ati ni wageni. Maelfu kwa maelfu walikimbilia makanisani na kwao. Nani aliyewatuma wale vijana, wakubwa gani walikuwa nyuma yao, tume ilikaa na maneno mengi yakasemwa. Lakini miongoni mwa waliofukuzwa walikuwako waliozaliwa Likoni, waliosoma Likoni, wasemao Kiswahili cha Likoni kuliko baadhi yetu. Nao waliulizwa lile lile: kwenu hasa ni wapi? Siku hiyo msasa ulikuwa mikononi mwetu, na ulisugua mpaka damu.

Na Wamakonde? Waliletwa kutoka Msumbiji tangu miaka ya 1930 kuja kukata miwa na mkonge Kwale. Wakazaa, wakajukuu, wakazikana hapa, na kipande hawakuwa nacho. Twawanunulia vinyago, twawaita majina ambayo sitayaandika. Mwaka 2016 walikwenda kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kumwona Rais, na ndipo wakatambuliwa. Wapemba nao, Waislamu wenzetu, wavuvi tunaokula samaki wao kila siku, waliingia Kilifi na Kwale kwa ngalawa tangu zama za Mwingereza, na wengine baada ya mapinduzi ya Unguja ya 1964. Walitambuliwa 2023. Miaka yote hiyo nani aliyekuwa akiwakejeli kwa matamshi yao sokoni? Nani aliyewanyima binti kwa kuwa "hawana kwao"? Si karani wa Nairobi. Mvuvi wa Kipemba hakuwa na akaunti ya benki, alilazimika kumwomba mwenye kipande amwekee pesa, na wako waliowekewa wakala. Hao nawajua, nao waja msikitini safu ya mbele.

Februari 2025, mjini Wajir, Rais Ruto alitia saini tamko la kuondoa huku kupigwa msasa kwa watu wa kaunti za mipakani waombao vitambulisho. Wengine walipiga vigelegele, wengine walipinga wakasema nchi itaingiliwa na wageni. Mimi nafurahi, lakini furaha yangu ina kikomo, kwani tamko lenyewe lilikuja kwetu kama fadhila. Raia hahitaji fadhila ili aitwe raia. Na tena, Mwingereza hakutia swali lile katika karatasi tu. Alilitia katika mazoea, na mazoea hayafutwi kwa saini. Afisa aliyezoea kuuliza babu miaka ishirini, leo ataambiwa asiulize, na atatafuta njia nyingine ya kuuliza. Kwa hivyo kijana atakayerudishwa aandike tarehe, jina la ofisi, na alichoambiwa, apeleke kwa mwakilishi wake na kwa watetezi wa haki, asirudi nyumbani kulala na kulaumu.

Nasi kwa upande wetu kuna la kutenda ambalo halihitaji Rais. Watoto bado wanazaliwa majumbani, visiwani na mashambani, na baba akiulizwa cheti husema atakwenda akipata nafasi. Nafasi hiyo huja mtoto akiwa na miaka 17. Imamu atiaye adhana katika sikio la mtoto amuulize babake papo hapo kama amemwandikisha. Na fomu ya serikali ikifika kwenye kabila, Mswahili aandike Mswahili, Mbajuni aandike Mbajuni, wala asiende kukopa babu wa mbali ili apate kuheshimika. Nasaba ya Hadhramaut si dhambi. Wenye nayo waitunze. Lakini isiwe jibu la swali la kwenu ni wapi. Jibu la swali hilo ni Jomvu, ni Siyu, ni Vanga.

Kisha viko vile vitabu. Majumbani mwa Lamu, Pate, Mombasa na Vanga, juu ya makabati na ndani ya masanduku, imo misahafu yenye majina ya wazee wetu na tarehe walizozaliwa. Mchwa wanaila. Wenye nyumba wakifa, wajukuu wasiosoma hati zile huifungasha na kuizika, kwa heshima lakini bila ya kufungua ukurasa wa nyuma. Simu ya mkononi yatosha kupiga picha ukurasa huo. Msikiti wenye chumba na kabati waweza kuziweka, na mwalimu wa chuo aweza kuzisoma na kuzinakili kwa hati za Kirumi, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba. Mwenye kitabu cha namna hiyo asingoje kiombwe na afisa.